Pijo Litatoka kwa Miguu Yake

Jumamosi, 1 Juni

Nimelinunua. Mbele ya mashahidi wawili na kuku wasiopungua kumi, nimekuwa mwenye Pijo 404, pikapu ya mwaka 1972, rangi ya maziwa chini ya kutu, gia za kwenye usukani, injini ileile iliyozaliwa nayo. Limesimama Mhunze, nyuma ya nyumba ya marehemu Mzee Nkwabi, tangu mwaka 1989. Aliyeniuzia ni mwanawe mkubwa, Eliya, mwenye duka la mbegu na dawa za pamba.

Kabureta haipo. "Hicho ni kitu kidogo, Mwalimu," Eliya amesema. "Utakipata popote." Nimefundisha fizikia Shinyanga miaka ishirini na mbili na bado sijajifunza kwamba kitu cha kupatikana popote huwa hakipatikani.

Scolastika, mke wangu, ametazama picha kwenye simu kwa muda. "Wenzako wakikaribia hamsini wanatafuta mke wa pili," amesema. "Wewe umeoa Pijo." Kisha akaenda kuanua nguo.

Jumapili, 2 Juni

Nimetuma picha kwenye kundi letu la simu, la sisi wapenda magari ya zamani. Pongezi zimemiminika. Yule daktari wa meno wa Arusha, ambaye Pijo lake linang'aa mpaka unaona haya kulitazama, ameandika maneno machache tu: "Hongera Mwalimu Valerian. Usikubali kuliwekea kitu kisicho chake." Nimeyasoma mara tatu. Huyu ndiye mtu anayenielewa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda na fundi Masudi na lori la kukokotea. Tumerudi bila Pijo. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nisamehewe.

Tulimkuta mdogo wake Eliya, anaitwa Luka, mtu wa miaka hamsini na kitu, ameketi juu ya marobota ya pamba mbele kabisa ya gari, mswaki wa mti mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo kamba ya nini?"

"Ya kukokotea gari. Nimelinunua kwa kaka yako."

"Umelinunua, sikatai. Lakini halikokotwi."

Nikadhani anatania. Akautoa mswaki mdomoni ili anieleze vizuri, polepole, jinsi mimi ninavyowaeleza wanafunzi wa mstari wa nyuma.

"Hili ni mahari ya dada yetu. Mwaka ule ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ukame, mkwe akaleta gari badala ya ng'ombe. Liliingia hapa kwa miguu yake, linanguruma, kina mama wanapiga vigelegele. Ng'ombe wa mahari akiingia kwa miguu yake, anatoka kwa miguu yake. Anayetolewa kwa kamba ni mzoga. Mimi nikiwa hai, mzoga wa mahari hautolewi kwenye mji huu wa baba yetu."

Eliya aliitwa kutoka dukani. Walibishana Kisukuma nusu saa. Mimi ni Mzinza wa Chato, nilichoambulia ni neno "yaya", yaani hapana, na Luka ndiye aliyelitumia kuliko wote. Mwisho wakakubaliana hivi: gari litengenezewe hapohapo, liwake, litoke lenyewe. Lakini mvua zikianza na watu wakishika jembe, Eliya atapahitaji mahali pale kwa ghala, na gari litakatwa kuuzwa chuma chakavu, nami nirudishiwe changu. Wote waliona ni haki, isipokuwa mimi, ambaye sikuulizwa.

Dada mwenyewe wa mahari alituletea uji. Anaitwa Lusia, ila wote humwita Mama Vumilia. Ndoa ile haikudumu. Alirudi nyumbani zamani na ndiye anayetunza mji. "Kunyweni," alisema, "kelele za hawa haziishi leo."

Njiani Masudi akanipa yaliyobaki, alivyoyasikia kwa Eliya. Ujanani Luka alikuwa tanboi, msaidizi wa baba yake kwenye Pijo hilo. Mwaka 1989 kabureta ikatoweka. Mzee akasema ni Luka kaiuza. Akampiga mpaka majirani wakaja, na kijana akakimbilia machimboni Geita, asirudi kwa miaka kumi na miwili.

Yaani mtu aliyeuza kabureta ndiye anayetaka gari litoke kwa miguu yake! Nimeona mengi katika utumishi wangu, lakini hili limenizidi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimetoa viota vitatu vya kuku kwenye kiti cha dereva. Kuku mmoja kanifuata siku nzima akinilaumu.

Jumamosi, 22 Juni

Masudi kafungua boneti, katazama tundu pale kabureta inapopaswa kukaa, akafuta mikono kabla hata haijachafuka.

"Mwalimu, nipe siku mbili. Nakuwekea kabureta ya Toyota. Hapa katikati nachonga bati, natia gasketi, linawaka."

"Litawaka, lakini halitakuwa lenyewe."

"Mwalimu, hata wewe meno mawili ya mbele si yako. Umekuwa mtu mwingine?"

Luka alicheka mpaka akashikilia robota. Sikuona cha kuchekesha. Meno ni afya, gari ni historia.

Jumamosi, 29 Juni

Injini imezunguka! Tulikuwa tumemimina mafuta kwenye silinda wiki nzima. Leo nimeingiza hendeli ya kuzungushia injini mbele, nimesukuma mpaka nikaona nyota, haikutikisika. Luka akasema kutoka kwenye pamba yake, "Usiisukume. Ivute kuja juu, kwa mkono wa kushoto, halafu iachie." Nikaivuta kwa mkono wa kushoto. Ikazunguka laini kabisa.

Sikumshukuru. Anajua kila nati ya gari hili, na kwa mtu anayelijua hivyo, kufungua kabureta ni kazi ya dakika tano.

Jumamosi, 6 Julai

Vumbi. Bomba la breki limepasuka mkononi mwangu.

Jumamosi, 13 Julai

Bomba jipya limepasuka pia. Mama Vumilia kaniletea michembe ya viazi na karanga. Katika mji ule yeye peke yake ananitendea kama mgeni na si kama msiba.

Jumanne, 23 Julai

Kabureta imekuja kutoka Dar es Salaam kwa basi, kupitia mtu wa kundini. Nimeifungua stendi palepale, mbele ya wapiga debe. Ni ya Pijo 504, si 404. Kundini wananiambia "pole sana Mwalimu" na kuweka vile vikatuni vya mikono iliyokunjwa. Daktari wa meno kaandika: "Subira." Yeye la kwake linatembea.

Jumamosi, 27 Julai

Sikwenda. Nimelala na kutazama dari.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, shule imefungwa, nimekwenda Geita. Kama Luka aliiuza, aliiuza huko, na huko vitu vya chuma havifi, vinabadilisha mikono tu.

Nimezunguka kwa wauza mashine chakavu toka asubuhi. Kijana wa kwanza kanisikiliza kwa adabu kisha akasema, "Kabureta ya Pijo? Mzee, hapa nina pampu ya kutolea maji kwenye duara la wachimbaji, nina krasha ya kuvunjia mawe, nina mota ya Mchina. Hiyo yako ni ya kabla dhahabu haijagunduliwa." Wa pili alinitolea kabureta ya mashine ya kusaga akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni ya Pijo. Wa tatu alitaka kununua saa yangu.

Wa mwisho ni mzee mmoja, Yasini, mweupe nywele na kope, ameketi katikati ya vyuma vyake kama mfalme. Nilipomtaja Luka wa Mhunze aliinua kichwa.

"Luka yule wa sikio? Namkumbuka. Alifika hapa sikio moja linatoka usaha, mikono mitupu. Kalala chini ya turubai langu miezi miwili, nampa ugali ndipo apate nguvu ya kushuka duarani. Angekuwa na cha kuuza, mwanangu, si angekula?"

Nikamshukuru nikaondoka. Watu wa machimbo hulindana, hilo linajulikana.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepitia Chato kumsalimu mama. Nimemweleza habari za Pijo saa nzima. Amesikiliza yote, halafu akauliza kama Scolastika hajambo.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo angalau nimezungumza na mtu. Masudi hakuja, Luka alikuwa shambani, nikabaki nasugua kutu mlangoni. Mama Vumilia alikuja na kigoda, akaketi mbali kidogo na gari, akawa anachambua choroko.

"Mwalimu, ukilipata utalipeleka wapi?"

"Popote, mama. Nitaendesha tu."

"Na hiyo kabureta ya Toyota anayosema Masudi, kwa nini huitaki?"

Nikamweleza. Nilipokuwa mtoto Chato, bwana pamba wa kwetu alikuwa na Pijo kama hili. Tulilisikia likiwa bado nyuma ya kilima, tukaacha kila kitu tukakimbia. Mlio wake si kama wa magari mengine, unakohoa kidogo kisha unatulia, unakuwa kama mtu anayeimba huku kafunga mdomo. Miaka arobaini nautafuta. Ukiweka kitu cha Toyota, mlio ule hautakuwa wenyewe.

Aliacha kuchambua. "Unakohoa mara mbili kabla ya kutulia," alisema. "Si mara moja."

Nilifurahi kupita kiasi! Kumbe katika mji huu yupo mwenye masikio. Nikamuuliza mengi zaidi, lakini choroko zikawa zimekwisha na akaenda zake jikoni.

Jumamosi, 14 Septemba

Radieta tayari. Breki tayari. Tangi limesafishwa. Matairi yamepatikana Mwanza. Kila kitu tayari isipokuwa kitu chenyewe.

Jumamosi, 28 Septemba

Masudi kaniambia ama nikubali ya Toyota ama nitafute fundi mwingine, maana watu wanamcheka kijiweni. "Gari linataka kupumua, Mwalimu, wewe ndiye umelibana pua." Nimemwambia aende. Akaenda, na spana zangu mbili.

Jumanne, 8 Oktoba

Wingu, saa kumi jioni, upande wa Mwanza. Wanafunzi wamefurahi. Mimi sikufurahi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wanunuzi wa chuma chakavu wamefika Mhunze. Walizunguka Pijo mara mbili na mmoja akaligonga kwa rungu ubavuni asikie uzito wa bati. Nikaenda kupapasa pale palipobonyea. Watarudi na mtungi wa gesi wa kukatia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimefanya jambo baya. Wakati nalifanya niliona ni haki, na kalamu hii ilikuwa tayari kuandika kwamba ni haki, lakini tangu mchana nakumbuka maji yakimwagika.

Eliya aliita kikao. Mimi, yeye, Luka, na Mama Vumilia aliyekuwa akinawisha watu mikono. Eliya akasema mvua ziko mlangoni; barabara ya kuingilia pale ni udongo mweusi wa mbuga, ikilowa hata punda hapiti. Gari likatwe Jumatatu.

Ndipo Luka akasema, "Mwalimu aongezewe wiki mbili. Ameteseka."

Ningekuwa na akili ningesema ahsante. Lakini nilikuwa nimebeba miezi mitano ya vumbi kifuani, na sauti ile ya upole ndiyo iliyonichoma. Nilidhani ananichezea shere. Nikasimama.

"Mzee Luka, acha. Wewe unajua kabureta iliko. Uliiuza Geita ukala, baba yako akakujua, mji mzima unajua. Halafu unaketi hapa na kunihurumia? Ungesema uliiuza kwa nani, gari lingekuwa limetoka toka Juni."

Eliya alitazama viatu vyake. Mama Vumilia alikuwa akinimiminia maji mikononi. Nilikuwa nimeiondoa mikono, naye akaendelea kumimina, jagi zima, chini.

Luka alichukua kofia yake kwenye kiti. "Hata wewe," alisema, kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa. Akaenda kuwafungua ng'ombe wa kulimia. Kwa nyuma nikaliona sikio lake, limekunjamana kama tunda kavu. Nimelitazama tangu Juni bila kuliona.

Wiki mbili nilipewa. Sikuziomba tena na hakuna aliyenipa kwa moyo.

Jumatano, 23 Oktoba

Manyunyu. Scolastika ameniuliza kwa nini sili. Nimemwambia. Akasema, "Ulimwambia mtu mzima hivyo, nyumbani kwake, kwa sababu ya chuma?"

Jumamosi, 26 Oktoba

Nilikwenda ili nimwombe Luka radhi. Alikuwa mnadani. Mama Vumilia akaniita jikoni kwake, akanionyesha kigoda, akafunga mlango nusu.

Akasogeza mtungi wa nafaka uliokuwa kwenye kona, akafukua kidogo kwa mwiko, akatoa kitu kimefungwa kwenye kitenge kilichochakaa, na ndani ya kitenge nailoni, na ndani ya nailoni kitambaa kinachonuka mafuta ya taa. Akaniwekea magotini. Sikuhitaji kufungua. Mikono yangu ilijua uzito wake.

Naandika maneno yake nikiwa nayakumbuka bado.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane waliponioza. Mtu yule alikuwa ananipiga. Mara ya kwanza nilikimbia kwa miguu siku mbili, nikafika hapa. Ukikataa mume, mahari inarudishwa, na mahari ni gari, na baba alilipenda lile gari kuliko macho yake. Akanipakia humohumo, akanirudisha. Mara ya pili nikakimbia, akanipakia, akanirudisha. Lilikuwa linawaka kila siku, Mwalimu. Halikuwahi kumwangusha hata siku moja. Nikisikia linakohoa mara mbili najua safari imeiva.

"Mara ya tatu nilikuwa na mimba ya Vumilia. Baba akasema kesho tunakwenda. Nilikuwa nimemwona Luka akiisafisha hiyo kabureta kila Jumapili. Nikajua ni nati mbili tu. Nikaamka kabla ya watu, nikachukua spana yake.

"Asubuhi halikuwaka. Baba akafungua, akaona, akamwita Luka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango huu. Ningesema, ningepelekwa hata kwa mkokoteni wa punda. Nikanyamaza. Nilisikia fimbo, nikasikia akisema si mimi baba, si mimi, nikanyamaza. Spea hazikuwepo miaka ile. Mume alipokuja kudai mahari yake alilitazama gari lililokufa, akalikataa, akataka ng'ombe. Baba akatoa ng'ombe aliokuwa amewatenga Luka aolee. Ndiyo maana unamwona mpaka leo hana mke."

Akasukuma kuni motoni.

"Sikupi kwa ajili ya gari lako. Gari lako likatwe tu. Nakupa kwa sababu umemsema mbele ya watu, kama baba. Muondolee lile neno. Ila asijue ni mimi. Kwa huyo sina uso."

"Mama, nitamuondoleaje bila kusema?"

"Wewe ni mwalimu. Tafuta."

Nikaapa. Na hapa niandike ukweli, maana kama sitauandika hapa sitauandika popote: wakati mama yule anasimulia fimbo na mlango, jicho langu moja lilikuwa kwenye kile kitambaa. Ni kabureta ya Soleksi yenyewe. Haina kutu hata chembe. Miaka thelathini na mitano amekuwa akiifuta. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi, na papo hapo nikajichukia.

Daftari hili sasa litakaa maabara, kwenye kabati la asidi, ambalo ufunguo wake ninao mimi peke yangu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua usiku kucha upande wa Maswa. Mhunze bado. Nimemfuata Masudi kijiweni, nimemuomba msamaha. Kanirudishia spana moja.

Jumamosi, 2 Novemba

Limewaka. Limetoka. Niandike kwa utaratibu.

Mbingu ilikuwa nyeusi toka asubuhi. Wanunuzi wa chuma walikuwa wamefika tayari na mtungi wao wa gesi, wameketi juu yake, wanasubiri. Eliya yupo, majirani wapo. Luka alikuwa mbali kidogo akifunga nira. Nikaomba aje. Akaja, hakunitazama.

Nikaitoa kabureta kwenye mfuko mbele ya wote. Nilikuwa nimeyarudia maneno yangu njia nzima juu ya pikipiki.

"Nimeipata Geita," nikasema. "Kwa mzee wa vyuma. Si ya gari hili, ni ya Pijo jingine kabisa. Mzee huyo anamkumbuka Mzee Luka. Anasema alifika Geita mikono mitupu, hakuwa na kabureta wala chochote cha kuuza. Mzee Luka, nilikusingizia mbele ya watu, na mbele ya watu naomba radhi. Hukuiba."

Maneno ya Yasini yalikuwa ya kweli, na niliyajua tangu Agosti. Hilo nalo liandikwe.

Luka akanyoosha mkono. Nikampa kabureta. Akaipima uzito, akaigeuza chini juu, akafuta ubavu wake kwa kidole gumba, na kidole kikasimama. Alikaa hivyo mpaka Masudi akaanza kukohoa. Mama Vumilia alikuwa mlangoni pa jiko, kashika ungo usio na kitu.

"Geita," Luka akasema.

"Geita, mzee."

Akainua sauti ili hata wa barabarani wasikie. "Kweli, hii ni ya Geita. Yetu ilikuwa ndogo kuliko hii." Eliya akatikisa kichwa kukubali, katika maisha yake hajawahi kufungua boneti.

Luka hakutaka Masudi aguse. Alifunga mwenyewe, nati mbili, bomba la petroli, waya wa mafuta, bila kutazama mikono yake. Mimi nikakaa kwenye usukani. Yeye akashika hendeli, akavuta kuja juu kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne likakohoa, likakohoa tena, likatulia. Kuku walitawanyika, kina mama wa jirani wakapiga vigelegele, Masudi akamkumbatia mnunuzi wa chuma chakavu. Mama Vumilia hakupiga kigelegele. Alibaki palepale mlangoni mpaka tulipopita lango, ungo kaukumbatia kifuani.

Luka alipanda pembeni yangu anionyeshe njia ngumu, maana pengine palikuwa pameshaanza kulainika. Tulipofika barabara ya changarawe akasema, "Simama hapa." Akateremka, akafunga mlango mara mbili, kwa kuwa mara moja haufungi. Matone makubwa yalikuwa yameanza kupiga boneti. Akainama dirishani.

"Ile skrubu ya ubavuni si ya kiwandani. Ya kwake ilipotea, nikaichonga kwa msumari, mwaka wa themanini na nane. Nilimficha baba asinifokee. Skrubu ile haina pacha duniani."

"Mzee Luka, mimi..."

"Yaya. Naona umeapishwa, usivunje. Na yeye usimwambie kwamba nimejua."

Nikasema sawa. Akavaa kofia yake, akaivuta mpaka kwenye lile sikio, lakini hakuondoka. Mvua ilikuwa inamshukia mgongoni na mkono wake ulikuwa bado juu ya mlango.

"Angeniamsha tu, Mwalimu," akasema. "Ningemshikia tochi."